Namna ya Kununua Jakuzi Lililotumika kwa Mwenyewe

Mtu mwenye nyumba ndogo ya wageni Jambiani, Paje au Nungwi hapa Zanzibar anaweza kupata jakuzi lililotumika, yaani beseni kubwa la kuogea lenye maji ya moto yanayosukumwa na pampu, kwa bei nafuu kutoka kwa jirani anayekarabati au anayefunga biashara. Ununuzi wa namna hii hauna dhamana ya duka, na kwa hiyo mnunuzi hana budi kufanya ukaguzi wote kabla fedha hazijatoka mkononi mwake.

Sharti la kwanza, ambalo kwangu halina mjadala, ni kuliona jakuzi likiwa limejaa maji, lina moto na linafanya kazi. Jakuzi kavu huficha karibu kila kasoro. Mimi niliwahi kununua moja kavu kwa kuamini kauli ya muuzaji, na lilipojazwa maji nyumbani likavuja kwenye kiungo kilichozama ndani ya povu gumu la kuhifadhi joto, nikalazimika kulichimbua povu la upande mzima ili fundi akifikie. Mwombe muuzaji alijaze jioni ya kuamkia siku ya ukaguzi. Lita 1,200 za maji yenye nyuzijoto 27 huhitaji takribani saa 5 kufikia nyuzijoto 38 kwa hita ya kilowati 3, na hutumia umeme wa yuniti 15 au zaidi kidogo kwa kuwa joto jingine hupotea. Akilalamika kuhusu gharama, mnunulie yuniti hizo bila kusita, kwani ni ndogo mno zikilinganishwa na hasara ya kununua hita iliyokufa.

Ukifika, weka alama ya utepe kwenye usawa wa maji, washa pampu zote, kisha urudi kuiangalia alama hiyo baada ya saa nzima uone kama maji yamepungua kwa kuvuja. Pitisha mkono mbele ya kila tundu la kutolea maji uhakikishe kwamba yanatoka kwa nguvu. Sikiliza pampu pia, maana sauti ya kusaga au ya mluzi huashiria beringi zilizochakaa. Baada ya hapo muuzaji azime umeme kwenye swichi kuu, na fundi umeme wako afungue ubao wa pembeni na kumulika ndani kwa tochi. Kwetu visiwani hapo ndipo penye mambo: upepo wa bahari hula nyaya za shaba na kuziacha na kutu ya kijani, mijusi na sisimizi huingia katika kisanduku cha umeme, na maji ya visima vya mawe ya matumbawe huacha ukoko wa chokaa juu ya hita. Hita ya kilowati 3 ya umeme wa volti 230, ikipimwa kwa mita, inapaswa kuonyesha ukinzani wa takribani omu 17 au 18.

Soma kibati chenye maelezo ya umeme. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde; jakuzi lililotengenezwa kwa soko la Marekani huwa la hezi 60, na mota yake ikitumika hapa huzunguka polepole kwa kiasi cha moja ya sita. Ningeliacha. Hakikisha vilevile kwamba kuna kifaa cha kukata umeme unapovuja, cha miliampea 30, na kama hakipo kihesabu katika gharama zako, kwa sababu maji na umeme havisameheani na wageni wako ni amana.

Mfuniko mzito kupita kiasi umenyonya maji, nao utahitaji kubadilishwa.

Bei ikikubaliwa, jiridhishe kwamba unayezungumza naye ndiye mwenye mali, si mlinzi wala msimamizi wa nyumba, kisha mwandikiane hati ya mauziano mbele ya mashahidi, ikiwezekana mbele ya sheha wa shehia hiyo.

Kabla ya kutafuta gari na mahamali, fikiria mahali pa kuliweka. Jakuzi la kilo 300, likijazwa lita 1,200 na kuingiwa na watu wanne, hukaribia tani 1.8, na mzigo huo unataka sakafu ya zege juu ya ardhi ngumu. Kulipandisha juu ya nyumba ya Mji Mkongwe, ambako sakafu za zamani zimebebwa na boriti za mikoko, ni hatari kwa waliomo ndani, na mabadiliko katika majengo hayo yanahitaji kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Likishafika, lijaze, tia klorini nyingi na uiendeshe pampu kwa saa nzima, kwa kuwa utando wa vijidudu hubaki ndani ya mabomba hata jakuzi likionekana safi. Mwaga maji hayo yote, weka chujio jipya, lijaze upya, na usimruhusu mgeni kuingia mpaka kipimo kionyeshe pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8.