Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuongeza Oili au Kuziba Uvujaji Kwenye Giaboksi ya Otomatiki ya Zamani

Oili ya giaboksi ya otomatiki haiungui kidogo kidogo kama oili ya injini inavyoweza kupita kwenye ringi na kuishia kwenye moshi. Imefungiwa ndani ya mzunguko wake, na ikiwa imepungua, lazima ipo njia iliyotokea. Mwenye gari anayeongeza oili kila baada ya muda bila kuitafuta njia hiyo anaendelea kuitesa mashine ambayo, ikiharibika ndani, matengenezo yake ni makubwa kuliko sili au gasketi yoyote (vipande vya kuzuia oili isivuje kwenye maungio) ambayo ingebadilishwa mapema. Oili hiyo ndiyo inayopeleka nguvu kupitia toki konveta (chombo kinachounganisha injini na giaboksi kwa msukumo wa oili), ndiyo inayobana klachi na bendi (mikanda ya ndani inayoshika gia) kwa mgandamizo wake, na ndiyo inayolainisha na kupooza kila kilichomo. Kwa hiyo, kabla ya kushika spana, mambo mawili yanapaswa kujulikana kwa hakika: kipimo cha kweli cha oili, na mahali inapotokea.

Jambo la kwanza la kuandaa ni kitabu cha gari lenyewe, au maelezo ya giaboksi iliyomo iwapo ilishabadilishwa. Utaratibu wa kupima haufanani kwa magari yote. Giaboksi nyingi za zamani hupimwa injini ikiwa inaunguruma polepole na leva ikiwa kwenye P (ya kuegesha). Giaboksi za TorqueFlite za Chrysler kwenye magari yanayoendeshwa kwa magurudumu ya nyuma hupimwa leva ikiwa kwenye N (gia huru), kwa sababu kwenye P pampu yake haijazi toki konveta inavyotakiwa na kipimo hudanganya. Magari mengi ya Honda hupimwa injini ikiwa imezimwa muda mfupi tu uliopita. Anayetumia utaratibu wa gari moja kwa gari jingine anaweza kujaza oili kupita kiasi huku akiamini amefanya kazi safi.

Aina ya oili nayo iwe imeshajulikana kabla ya kununua. Giaboksi za Ford za miaka ya 1960 na sehemu ya miaka ya 1970 zilitengenezewa oili ya Type F, ambayo haina viungo vya kulainisha mshiko wa klachi, ilhali General Motors ilitumia Dexron, ambayo inavyo. Ukiziangalia kwa macho zote ni nyekundu, lakini klachi hazizipokei kwa namna moja: oili isiyo yake inaweza kufanya gia zishike kwa mshtuko au ziteleze zinapobadilika. Rangi ya oili iliyomwagika sakafuni haitoshi kumwambia mtu aina ya oili iliyokuwamo.

Siku ya kupima, gari liwe mahali tambarare kabisa na liwe limeendeshwa hadi oili ipate joto lake la kazi, ambalo kwa giaboksi nyingi ni kati ya nyuzi 80 na 90 za Selsiasi. Kuiacha injini ikiunguruma mahali pamoja huchelewesha sana joto hilo. Mwendo wa dakika 15 hadi 20 barabarani unafaa zaidi. Kwa upande mwingine, gari lililotoka kuvuta mzigo mzito au kupanda milima juani lipewe muda wa kupoa, kwa sababu oili iliyochemka hutanuka na kuonyesha kipimo kilichozidi. Gari likiwa limesimama, funga handbreki, weka vizuizi kwenye magurudumu, kanyaga breki, kisha pitisha leva kwenye nafasi zote polepole, ukikaa kidogo katika kila nafasi ili njia zote za ndani zijae, ndipo uirudishe kwenye nafasi ya kupimia. Kama kazi inafanyika ndani ya gereji, milango iwe wazi, kwa kuwa injini itakuwa inatoa moshi wenye sumu muda wote huo.

Kabla ya kuchomoa dipstiki (kijiti cha kupimia oili), futa mdomo wa bomba lake ili mchanga usidondokee ndani. Kitambaa cha kufutia kisiwe kinachotoa nyuzinyuzi, maana uzi mdogo tu unaweza kukwamisha valvu ndani ya giaboksi, jambo ambalo mtu aliyezoea injini peke yake hulipuuza kwa urahisi. Futa dipstiki, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena na usome pande zote mbili. Upande mmoja ukionyesha juu kuliko mwingine, amini ule wa chini, kwa kuwa oili iliyopakaa kwenye bomba huupandisha upande wa pili. Rudia hadi upate majibu yanayolingana. Nafasi iliyopo kati ya alama ya ADD (ongeza) na ya FULL (imejaa) kwenye giaboksi nyingi za Kimarekani za zamani ni kama nusu lita tu, yaani kikombe kimoja kilichomiminwa kwa haraka kinatosha kuvusha kipimo.

Oili ikipungua, pampu huvuta hewa pamoja na oili: gia huchelewa kushika, gari huteleza kwenye kona au mlimani, na mara nyingine husikika mlio mwembamba. Kinachowashangaza wengi ni kwamba oili iliyozidi huleta karibu madhara yale yale. Gia zinazozunguka huifikia, huipiga na kuitia povu. Povu ni hewa, na hewa hubonyea, hivyo mgandamizo unaobana klachi hushuka. Povu hilo hutafuta njia kupitia tundu la kupumulia lililo juu ya giaboksi na kuteremka ubavuni, na fundi asiyepima kwanza anaweza kubadilisha sili iliyo nzima kabisa.

Gari la zamani lililokaa wiki kadhaa bila kuwashwa lina jambo lake. Oili iliyo ndani ya toki konveta hurudi taratibu kwenye sampu (bakuli la oili lililo chini ya giaboksi), kimo chake kikapanda juu ya sili ya shafti ya leva, ambayo kwa kawaida haizami kwenye oili. Ikiwa sili hiyo imekauka, dimbwi hutokea chini ya gari ambalo lilipokuwa likitembea kila siku halikuwahi kudondosha tone. Dipstiki ikichomolewa wakati huo kabla ya kuwasha injini, itaonyesha oili imezidi mno. Usipunguze chochote hapo. Washa, pasha moto, pima upya kwa utaratibu uliotajwa, halafu panga kubadilisha sili ya leva, kazi ambayo kwenye giaboksi kadhaa inawezekana bila kuishusha giaboksi yenyewe.

Dipstiki ikiwa bado mkononi, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima ni nyekundu na inapenyeza mwanga. Ikiwa ya kahawia iliyokolea na yenye harufu ya kuungua, klachi au bendi zimeshaumia, na kuziba uvujaji pekee hakutaziponya. Ikiwa ya waridi iliyopauka kama maziwa, maji ya rejeta yameingia kupitia kipoozeo cha oili kilicho ndani ya rejeta, na gari lisiendeshwe hata umbali mfupi, kwa sababu maji hubandua nyuso za klachi kutoka kwenye bati zake.

Kutafuta chanzo cha uvujaji ndiyo sehemu inayohitaji subira kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Upepo wa mwendo husukuma oili kuelekea nyuma, na uzito huishusha hadi kwenye bolti ya chini kabisa ya sampu, hivyo gasketi ya sampu hulaumiwa kwa makosa ya karibu kila sehemu iliyo juu yake. Osha giaboksi yote kwa dawa ya kuondoa grisi, ikaushe, nyunyiza poda nyepesi ubavuni, endesha kwa muda mfupi, kisha ingia chini na tochi ukitafuta mahali penye unyevu palipo juu zaidi na mbele zaidi. Hapo ndipo pa kuanzia. Kagua pahali ambapo bomba la dipstiki linaingia, sili ya leva, kigia cha spidomita, maungio ya mabomba ya kupoozea, mfuniko wa nyuma na sili ya propela. Ikiwa unyevu unatokea mbele, palipo na muungano wa giaboksi na injini, hakikisha kwanza si oili ya injini inayotoka kwenye sili ya nyuma ya kranki (shafti kuu ya injini). Mtu akishusha giaboksi nzima kwa ajili ya oili ambayo si yake, amepoteza siku na nguvu.

Kuna pia uvujaji usioacha alama sakafuni. Giaboksi kama Turbo-Hydramatic 350 na 400 za General Motors, na C4 na C6 za Ford, zina kikopo kidogo cha bati chenye kiwambo cha mpira ndani, kinachounganishwa na injini kwa mpira mwembamba wa kuvuta hewa. Kiwambo kikipasuka, injini huinyonya oili ya giaboksi na kuichoma, moshi mweupe hutoka, oili hupungua, na chini ya gari pakavu. Chomoa mpira huo kwenye kikopo na utazame ndani yake: ukikuta oili nyekundu, kikopo kimekufa na kinapaswa kubadilishwa. Kazi hii ni nyepesi mno kuachwa, hasa ikizingatiwa kwamba watu huanza kuishuku injini na kuifungua.

Ikithibitika kuwa gasketi ya sampu ndiyo inayovuja, usikimbilie kukaza bolti. Gasketi ya kizibo (ile ya gome laini kama la vizibo vya chupa) ikizeeka haiwezi kurudi hali yake, na kukaza kwa nguvu ndiko kulikoharibu sampu nyingi: bati huvutwa juu kuzunguka kila tundu, likaibana gasketi hapo na kuiacha legevu katikati ya bolti mbili. Sampu ikishushwa, laza rula ya chuma kwenye ukingo wake na mwanga utaonekana ukipita. Ukingo ulazwe juu ya mbao ngumu na ugongwe polepole kwa nyundo hadi unyooke. Bolti zikazwe kwa kupishana na kwa hatua hadi kipimo cha kitabu, ambacho mara nyingi ni karibu Nm 16 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Sishauri kabisa kupaka silikoni, kwa sababu vipande vinavyokatika huishia kwenye chujio. Sumaku iliyomo ikiwa na tope laini la kijivu, ni uchakavu wa kawaida. Ikiwa na chembe za chuma zinazoonekana kwa macho, tatizo limeshapita uvujaji.

Kwa sili ya propela, tia alama ya rangi kwenye maungio kabla ya kuifungua shafti ili irudi ilivyokuwa, na weka chombo pana, maana oili itamwagika. Pitisha ukucha kwenye sehemu ya shafti inayopita ndani ya sili. Ukikwama kwenye mfereji uliochimbika, sili mpya nayo itavuja. Shika pia shafti uitikise juu na chini. Ikicheza sana, bushi ya ndani imeisha, na hakuna sili inayodumu mahali panapocheza. Mabomba ya kupoozea yafunguliwe kwa spana mbili, moja ikishikilia ungio, na mpira wowote wa kubadilisha uwe uliotengenezwa kwa oili ya moto, kwani mpira wa maji ya rejeta hulainika na kupasuka. Sili ya mbele ya pampu huhitaji giaboksi ishushwe, kwa hiyo iachiwe fundi mwenye jeki ya giaboksi.

Kazi zote hizo zifanyike gari likiwa juu ya stendi imara, kamwe si juu ya jeki pekee, na bomba la moshi likiwa limepoa, kwani oili inayodondokea bomba la moto inaweza kushika moto. Dawa za kuzuia uvujaji zinazomiminwa ndani hufanya kazi kwa kuvimbisha mpira wa sili. Zinaweza kumfikisha mtu gereji, lakini sili iliyokatika au shafti iliyochimbika hazitaigusa.

Pima kiasi cha oili iliyotoka, na urudishe kidogo kuliko hapo kabla ya kuwasha, wala si ujazo wote wa giaboksi, kwa sababu kwa kawaida nusu au zaidi ya oili yote ilibaki ndani ya toki konveta. Washa, pitisha leva kwenye nafasi zote, ongeza kidogo kidogo hadi alama ya baridi, kisha endesha hadi joto la kazi na umalizie kwenye alama ya moto. Oili ya zamani ihifadhiwe kwenye galoni yenye kizibo na ipelekwe panapopokelewa oili chakavu. Baada ya mizunguko michache ya kupata joto na kupoa, rudi chini ya gari uzipitie bolti za sampu kwa spana ya kipimo, kwa kuwa gasketi mpya ya kizibo hulala kidogo, na uifute giaboksi ili tone lolote jipya lionekane mapema.