Kuishi kwa Sauti Mombasa: Uimbaji wa Klasiki, Kwaya na Ualimu

Anayetaka kuufanya uimbaji wa klasiki kuwa kazi yake hapa Mombasa hana budi kukubali jambo moja mapema: mji huu hauna jumba la opera wala okestra ya kudumu yenye waajiriwa, kwa hiyo hakuna atakayemlipa mshahara ili aimbe tu. Waimbaji wanaodumu huwa na kazi tatu kwa pamoja: wanaimba, wanaongoza kwaya na wanafundisha sauti. Ugumu ni kwamba kazi zote tatu zinatumia koo lile lile, na asiyezipanga hujikuta ana wanafunzi wengi, kwaya mbili, na sauti iliyokwaruza.

Anza na sauti yako mwenyewe

Kabla ya kumfundisha mtu yeyote, jipe miaka kadhaa ya kufundishwa. Wengi wetu tumelelewa na kwaya za kanisa na za shule, tukashika nyimbo kwa solfa, yaani do, re, mi, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19 na wamishonari wakauleta huku. Solfa hulinoa sikio vizuri sana, na sioni sababu ya kuidharau kama wanavyofanya baadhi ya waliosomea muziki mijini. Hata hivyo, kazi nyingi za klasiki hutolewa kwa nota za mistari mitano, na asiyezisoma hupitwa. Chukua wimbo ambao tayari unaujua kwa solfa, tafuta nakala yake ya mistari mitano, kisha uimbe majina ya solfa huku kidole kikifuata nota. Nakala za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha zinapatikana bure kwenye intaneti katika maktaba za IMSLP na ChoralWiki.

Pumzi ndiyo msingi. Simama, weka mkono ubavuni chini ya mbavu, vuta pumzi kimya kimya bila kuinua mabega, kisha itoe kwa "sss" nyembamba na iliyo sawa, ukiziacha mbavu zibaki zimepanuka kadiri unavyoweza. "Sss" ikitetemeka au ikivuma zaidi kuelekea mwisho, ujue unasukuma badala ya kuizuia hewa isitoke yote kwa mara moja. Rudia hadi itulie, ndipo uimbe sentensi ya wimbo kwa pumzi ile ile.

Kwa upande wa matamshi, msemaji wa Kiswahili ana bahati. Irabu zetu tano ni safi na haziteleziteleki, jambo ambalo Waingereza wanaojifunza kuimba Kiitaliano hulihangaikia kwa muda mrefu. Taabu yetu iko kwenye miisho ya maneno, kwa kuwa sisi huyamaliza kwa irabu. Mwimbaji wa pwani akikutana na "und" ya Kijerumani huimba "undi" bila kujisikia. Jirekodi kwa simu na usikilize miisho peke yake. Kiitaliano nacho kina konsonanti zinazokazwa maradufu, na zisipokazwa neno hubadilika.

Unyevu wa hewa yetu hauidhuru sauti. Kinachoikausha ni kiyoyozi cha basi na cha ukumbi wa hoteli, pamoja na feni inayokupuliza usoni usiku kucha. Ukiimba nota ya A iliyo juu ya C ya katikati ya kinanda, nyuzi za sauti hugongana takriban mara 440 kwa sekunde, na bila unyevu huchubuka. Kunywa maji tangu asubuhi, kwa sababu maji hupita njia ya chakula na hayazigusi nyuzi hizo moja kwa moja. Faida yake huja baadaye, yakishaenea mwilini. Viazi karai na pilipili saa tano usiku, kisha kulala papo hapo, huipandisha asidi hadi kwenye koo, na asubuhi sauti huamka nzito. Sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki tatu, acha peremende za koo na umwone daktari wa masikio, pua na koo.

Kuhusu vyeti, mitihani ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya London, ina gredi nane, na kwa gredi ya sita kwenda juu utatakiwa uwe umefaulu nadharia ya gredi ya tano au mtihani mbadala unaokubaliwa. Anayetaka shahada anaweza kufikiria idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ukitaka kuajiriwa shuleni, cheti cha uimbaji pekee hakitoshi, kwa kuwa ni lazima usajiliwe na tume ya walimu, TSC.

Kuongoza kwaya

Kazi hii humjia mwimbaji mwenye sikio, mara nyingi kupitia kanisa lake, na malipo yake ya kwanza huwa ni nauli na shukrani. Ikubali, lakini andikianeni na kamati: siku za mazoezi, nani analipia nakala na mpiga kinanda, na posho ya Krismasi na Pasaka ni kiasi gani. Mwalimu wa kwaya anayeona haya kuuliza habari ya posho mwezi wa Septemba huishia kununa mwezi wa Desemba.

Kabla ya mazoezi, imba mwenyewe sauti zote nne, soprano hadi besi, ili ujue mapema alto watapotelea wapi. Mkono unaowaingiza waimbaji uwe umevuta pumzi pamoja nao; ukipiga pigo la kwanza bila pumzi, nao wataingia wakiwa wamebana.

Maradhi makubwa ya kwaya zetu ni kushuka. Wimbo unaanza katika ufunguo wa D, na ubeti wa nne unaishia karibu na C. Watu husema waimbaji wamechoka, na ni kweli kwa kiasi fulani, hasa mazoezi ya Jumamosi alasiri ukumbi ukiwa tanuri. Lakini sikiliza vizuri: mara nyingi mi inaimbwa chini kidogo, na kila wimbo unapoteremka hatua kutoka nota hadi nota huwa pana kupita kiasi. Waambie waimbe sehemu hiyo polepole na kwa sauti ndogo, kwa silabi "nu", bila kinanda, kisha piga nota moja waone walipofikia. Wakati mwingine kuupandisha wimbo wote kwa nusu toni hutibu kabisa.

Katika "Haleluya" ya Handel, inayotoka katika Messiah, kazi yake ndefu ya kwaya na okestra iliyoimbwa kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1742, soprano hushikilia nota ndefu zinazopanda hatua kwa hatua hadi G ya juu, huku sauti nyingine zikiwajibu. Hapo wengi hupiga kelele. Wagawe wavute pumzi kwa zamu, jirani na jirani wasipumue pamoja, na uwakataze kuongeza nguvu hadi wafike juu.

Jengo nalo lisome. Kanisa la mawe lenye dari la juu huizungusha sauti, kwa hiyo punguza mwendo na uzikaze konsonanti. Kanisa la mabati, mvua ya masika ikiyapiga, huimeza sauti; tumia muda huo kukariri maneno.

Kwa wanaoongoza kwaya za shule, Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lina historia tangu 1927, ni shule nzuri kwa mwalimu mwenyewe. Yasome maoni ya waamuzi hata pale matokeo yanapokuuma.

Kufundisha sauti

Piano ya mbao huteseka pwani: mbao huvimba, nyuzi hupata kutu kwa hewa ya chumvi. Kinanda cha umeme chenye vitufe 88 vizito kinatosha. Ukifundishia nyumbani, Majengo au Mji wa Kale, panga vipindi visigongane na adhana ya alasiri na ya magharibi, na mwezi wa Ramadhani zungumza na majirani kwanza. Mtoto afundishwe mlango ukiwa wazi, mzazi akiwa karibu. Mvulana anayebalehe usimlazimishe kuzifikia nota zake za zamani. Mpe nyimbo fupi za katikati mpaka sauti itulie.

Ada ilipwe kwa muhula, kabla ya somo la kwanza, kwa M-Pesa ili kumbukumbu ibaki, na kipindi alichokosa mwanafunzi bila taarifa kihesabiwe.

Zoezi lako mwenyewe lifanye asubuhi, kabla ya wanafunzi, kwa sababu jioni utakuwa umebaki na makombo. Mwonyeshe mwanafunzi kwa kinanda na kwa maneno, uimbe mfano pale tu maneno yanaposhindwa. Wiki yenye onyesho, vipindi vya siku mbili za mwisho viwe vya nadharia na kusoma nota, ambavyo unaweza kuvifundisha ukiwa umeketi kwenye kinanda bila kuimba hata mstari mmoja.