Kombe la shule za sekondari Lubumbashi: namna ya kugawa madaraja na kupanga mtoano

Ugomvi wa kombe la shule mara nyingi hauzaliwi uwanjani. Huzaliwa wiki kadhaa kabla, mezani kwa prefe (mkuu wa shule), pale shule yenye wavulana 700 inapotupwa kundi moja na yenye 90, au pale ambapo hakuna aliyeandika kitakachofanyika timu zikilingana pointi. Mpango ulioelezwa hapa ni wa shule 24 na timu za wavulana. Wasichana watengenezewe orodha yao tangu mwanzo, kwa kuwa shule kubwa kwa wavulana inaweza kuwa ndogo kabisa kwa wasichana, na kinyume chake.

Hesabu wanaoweza kucheza

Ukiuliza "shule yenu ina wanafunzi wangapi?" umeshapotea. Lise (shule ambayo kwa kawaida ni ya wasichana) ya wanafunzi 1000 inaweza kuwa na wavulana 60 tu, na shule ya ufundi ya wanafunzi 500, yenye umeme na mekanika, ikawa karibu yote wavulana. Sehemu ya ushonaji hujaza madawati bila kujaza timu. Hesabuni wavulana pekee, kuanzia darasa la saba la elimu ya msingi hadi mwaka wa nne wa humanite (sekondari ya juu), walio ndani ya ukomo wa umri mliokubaliana. Ukomo unaofaa ni huu: asiwe ametimiza miaka 19 kabla ya 1 Januari ya mwaka wa mashindano.

Siku ya hesabu iwe moja kwa wote, na isiwe Septemba. Mwezi huo wanafunzi bado wanahama, wengine wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali (ada ya shule), na rejista hazijatulia. Tarehe 31 Januari inafaa zaidi. Prefe alete idadi ya kila darasa, iliyosainiwa na kupigwa muhuri, na kamati ichague madarasa 2 kwa kila shule ikalinganishe karatasi na vichwa vilivyo darasani.

Angalieni pia majengo yenye zamu mbili. Asubuhi kuna shule moja, mchana nyingine, jina linatofautiana kwa neno moja, na uwanja ni ule ule. Kinachotambulisha shule ni namba yake ya matrikule (ya usajili), siyo jengo. Msipolisema hili mapema, zamu mbili zitajiunga kimyakimya kuunda timu moja yenye nguvu na kuingia daraja la wadogo kwa idadi ya zamu moja.

Kukata madaraja

Andika shule zote 24 kutoka kubwa hadi ndogo, kisha kata 8, 8 na 8: daraja A, B na C. Usianze na namba nzuri kama 400 au 200, maana zitakupa daraja lenye shule 13 na jingine lenye 4. Baada ya kukata, tazama mipakani. Shule ya 8 ikiwa na wavulana 310 na ya 9 ikiwa na 305, mstari wako hauna maana. Iulize ile ya 9 kama inakubali kupanda, kisha usogeze. Kipimo chetu ni rahisi: ndani ya daraja moja, shule kubwa isizidi ile ndogo mara 3. Daraja A ndilo huvunja kipimo hiki, na huko tunavumilia, kwa sababu shule yenye wavulana 900 haina pengine pa kwenda.

Kupanda kwa hiari kuruhusiwe. Kushuka kwa hiari kamwe, hata prefe akilia. Na shule iliyochukua kombe la daraja lake mara 2 mfululizo ipande, idadi yake iwe yoyote, kwa kuwa shule ndogo yenye kocha mzuri na jina mtaani huvuta wachezaji kutoka komine (wilaya ya mji) nzima.

Madaraja yakishakatwa yadumu miaka 2. Jimbo la Texas, Marekani, ambako "mpira" wa shule hushikwa kwa mikono kuliko kupigwa kwa miguu, hugawa shule kuanzia 1A hadi 6A kwa idadi ya wanafunzi na hupanga upya kila miaka 2. Mchezo si wetu lakini muda huo ni wa busara: kila mwaka ni kelele nyingi, na miaka 4 ni mingi mno kwa mji unaokua kama huu.

Makundi kwa umbali

Kila daraja lina makundi 2 ya timu 4. Kura tupu isiyojali ramani itaipeleka timu ya Ruashi hadi Katuba mara kadhaa, na ndipo utaona wachezaji 8 wanafika na wengine wamekosa nauli. Komine za Katuba, Kenya na Kamalondo zikae upande mmoja. Ruashi na Kampemba upande mwingine. Komine ya Lubumbashi ijaze pengo linalobaki. Annexe inauzunguka mji, hivyo kila shule yake ipelekwe upande ulio karibu nayo, bila kuichukulia Annexe kama sehemu moja. Kura ipigwe pale tu ambapo ramani inaacha nafasi.

Kalenda na saa

Kundi la timu 4 lina mechi 6, kwa raundi 3. Madaraja 3 yana makundi 6, kwa hiyo mechi 36, yaani 12 kila Jumamosi. Viwanja 4, mechi 3 kwa kila kiwanja. Jumamosi ya nne ni nusu fainali 6, ya tano fainali 3, na ya sita ni akiba. Anzeni mwishoni mwa Aprili, mvua inapokwisha. Mkianza Februari mtacheza kwenye matope, mkisukuma hadi katikati ya Juni mtagongana na mitihani. Mechi ya mshindi wa tatu iacheni, haina anayeitaka ila mwenye medali za shaba.

Mechi iwe dakika 30 mara 2, mapumziko 10. Sheria za mpira zinaruhusu kupunguza muda kwa vijana, pia kumrudisha mchezaji aliyetolewa. Tumieni yote mawili. Saa ni 13:30, 14:50 na 16:10. Mechi ya mwisho huisha 17:20, kabla giza halijaingia. Timu isiyofika dakika 15 baada ya saa yake, au yenye wachezaji chini ya 7, imepoteza 3-0.

Raundi ya tatu ina sharti moja lisilojadiliwa: mechi 2 za kundi moja zianze pamoja, viwanja viwili. Mwaka 1982, kwenye Kombe la Dunia, Algeria ilikuwa imeshamaliza mechi zake siku moja kabla. Ujerumani Magharibi ikaifunga Austria 1-0, matokeo yaliyozipitisha zote mbili, na mpira ukabaki kupasiwa tu hadi mwisho. Kuanzia 1986 mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kwa viwanja 4, makundi 2 yanaingia kila saa, na makundi yote 6 yanamalizika mchana huo.

Zikilingana pointi

Ushindi pointi 3, sare 1. Zikilingana, fuateni mpangilio huu bila kuruka:

1. pointi katika mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe;
2. tofauti ya mabao katika mechi hizo;
3. tofauti ya mabao ya kundi zima, mechi moja isihesabiwe zaidi ya mabao 5;
4. mabao ya kufunga;
5. nidhamu: kadi ya njano pointi 1, nyekundu ya njano mbili 3, nyekundu ya moja kwa moja 4, na mwenye chache anapita;
6. kura, mbele ya manahodha.

Ukomo wa mabao 5 unazuia shule kuipiga nyingine 14-0 kwa ajili ya jedwali. Mahali watu wanapokosea ni timu 3 zinapolingana: tengenezeni jedwali dogo la hizo 3 peke yake, na ikishajulikana moja, mbili zinazobaki zirudi namba 1, zisiendelee na jedwali hilo la timu 3.

Timu ikijitoa katikati ya makundi, futeni mechi zake zote, hata zilizochezwa. Mkiziacha, aliyeifunga 6-0 atakuwa juu ya yule aliyepewa 3-0 ya mezani.

Katika nusu fainali, wa kwanza wa kundi moja anakutana na wa pili wa kundi jingine. Mkiwa na makundi 3 na mnahitaji timu 4, mtaingia kwenye hesabu ya "wa pili bora". Inafanya kazi, lakini inaumiza: Léopards, timu yetu ya taifa, ilipita makundi ya CAN (Kombe la Mataifa ya Afrika) 2019 ikiwa ya tatu, na pointi 3 tu. Makundi yakitofautiana ukubwa, ondoeni kwanza matokeo dhidi ya timu ya mwisho kabla ya kulinganisha.

Sare ya mtoano iende moja kwa moja kwenye penalti, bila muda wa nyongeza, giza halingoji. Wafundisheni makocha kuandika wapigaji 11, siyo 5. Januari 2024, Léopards dhidi ya Misri kwenye CAN, penalti zilifika kwa makipa: wa Misri alikosa, Mpasi wetu akafunga, 8-7. Siku ya fainali tumieni 13:00, 14:30 na 16:00, kila mechi ikiwa na nafasi ya penalti.

Wachezaji wa kukodi

Huu ndio ugonjwa mkubwa. Kijana wa klabu ya mtaani hupewa sare ya shule Ijumaa na Jumamosi anacheza. Ombeni buletini (ripoti ya alama) ya mwaka uliopita yenye tarehe ya kuzaliwa na muhuri, pamoja na jina lake kwenye rejista ya siku ile ya hesabu. Aliyehamia baada ya 31 Januari hachezi mwaka huu. Orodha ya majina 22, yenye picha, ifungwe siku 10 kabla ya mechi ya kwanza. Uwanjani fishi (karatasi) ya mechi ina majina 18, nakala 2, dakika 30 kabla.

Malalamiko ya mchezaji asiye halali yaandikwe kwenye fishi kabla timu hazijaondoka, na barua ifike Jumatatu saa 10:00 asubuhi ikiwa na dhamana, inayorudishwa wakishinda. Waamue watu 3 kutoka shule za daraja jingine. Malalamiko juu ya uamuzi wa refa kuhusu ofusaidi au penalti hayapokelewi kabisa.

Kiwanja

Urefu usipungue mita 90, upana 45. Magoli ya kuhamishika yafungwe kwa vyuma ardhini au magunia ya mchanga nyuma. Goli likianguka linaua. Mistari ichorwe kwa chokaa iliyozimwa, maana chokaa hai inaunguza macho na ngozi ya anayeteleza. Mipira 2 ya namba 5 kwa kila kiwanja, na seti ya vizibao 12, kwa sababu nusu ya shule zitakuja na nyeusi na nyeupe ya klabu ya Mazembe. Mbili za bluu na njano ya klabu ya Lupopo zikikutana, ni vizibao hivyo vitakavyookoa mchana.

Waamuzi ni 3 kwa kiwanja, wakibadilishana kipenga kati ya mechi na mechi, na asiwepo anayefundisha kwenye shule inayocheza. Mchezaji aliyegongwa kichwa akapoteza fahamu hata sekunde chache harudi siku hiyo, kocha aseme nini.