Kufanya Mahojiano ya Utafiti wa Afya kwa Simu Wakati wa Janga

Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi 2020, na amri ya kutotoka nje usiku ikaanza tarehe 27 mwezi huohuo, watafiti waliozoea kuketi na washiriki ana kwa ana walilazimika kutumia simu. Anayejiandaa kwa hali kama hiyo asianze kwa kuchagua programu, bali ajiulize kwanza mshiriki atazungumzia wapi na nani atakuwa akimsikia.

Peleka mabadiliko ya mbinu kwa kamati ya maadili kabla ya kumpigia mtu yeyote. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kipengele kwa kipengele, na kibali cha mshiriki kirekodiwe katika faili tofauti na la mahojiano ili jina lisihifadhiwe pamoja na maelezo ya ugonjwa, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa data nyeti.

Simu ya kawaida mara nyingi inafaa kuliko video, ambayo inamaliza bando na kuanika nyumba ya mtu.

Faragha ndiyo kazi ngumu zaidi. Katika nyumba ya chumba kimoja, shule zikiwa zimefungwa na mume hana kazi ya kwendea, mwanamke anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hawezi kujibu kila swali. Muulize mwanzoni kama yuko peke yake na kama spika imezimwa. Kubalianeni neno la kawaida, tuseme bei ya unga, ambalo akilitaja utahamia mada nyingine bila kuuliza sababu. Usimtumie ujumbe unaotaja mada ya utafiti, maana simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja. Ukigundua dalili za ukatili, acha maswali ya utafiti, na akiwa salama kusikiliza, mpe namba 1195 ya msaada kwa waathiriwa wa ukatili wa kijinsia nchini Kenya, ambayo hupigwa bila malipo.

Kwa kuwa huoni uso, vumilia kimya na uandike papo hapo ulichokisikia: mlango, kikohozi, sauti iliyoshuka ghafla.

Majadiliano ya vikundi yawe ya watu wanne au watano, na waelezwe wazi kwamba huwezi kudhibiti anayesikiliza upande wa wenzao.

Wasio na simu watakukosa kabisa. Waombe wahudumu wa afya ya jamii wakusaidie kuwafikia pale kanuni zinaporuhusu, na ripoti itaje bayana ni akina nani ambao hawakusikika.