Jiwe na uzi: kumjengea mtoto fizikia tangu chekechea hadi kidato cha nne

Ratiba ya shule inasema fizikia inaanza kidato cha kwanza. Mimi nafundisha sekondari, na mwanafunzi anayenipa kazi zaidi ni yule ambaye hajawahi kupima kitu kwa mikono yake, hata kama kanuni amezikariri zote. Kwa hiyo nawashauri wazazi na walimu wa msingi wachague kifaa kimoja, kisha wamrudishe mtoto kwenye kifaa hichohicho kadiri anavyokua. Changu ni pendulamu: jiwe la ukubwa wa ndimu, uzi mrefu na msumari juu ya mlango.

Hatua ya 1: Chekechea hadi darasa la pili

Hapa ni kuangalia na kubashiri tu. Funga ndimu yenyewe badala ya jiwe. Mtoto aivute hadi iguse pua yake, aiachie, kisha asimame palepale bila kusogea. Itakaporudi atafumba macho, lakini haitamfikia. Aiachie tu, asiisukume; akiisukuma itampiga kweli. Usimweleze sababu. Akitaka kurudia mara ishirini, mwache.

Hatua ya 2: Darasa la tatu hadi la tano

Hatua hii ndiyo ya kukaa nayo muda mrefu. Sasa funga jiwe, umuulize: nini kitalifanya liende na kurudi haraka zaidi? Karibu kila mtoto hujibu "uzito". Usimkatalie, mpe saa ya simu ajaribu.

Apime kwenda na kurudi mara 10 kwa mkupuo, maana mara moja ni fupi mno kwa kidole cha mtu. Alivute jiwe kidogo tu, kama upana wa kiganja. Urefu wa uzi upimwe kutoka kwenye msumari hadi katikati ya jiwe, siyo hadi kwenye fundo. Na angalia anavyohesabu: watoto husema "moja" wakati wa kuliachia, kumbe hapo ni sifuri. Kwa uzi wa mita 1 atapata sekunde 18 badala ya 20, na atakuapia kwamba saa ni mbovu.

Abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Akiweka jiwe zito zaidi kwa urefu uleule, muda haubadiliki. Akifupisha uzi, unabadilika. Hapo mwambie apunguze uzi hadi robo, yaani sentimita 25, lakini kabla hajapima abashiri. Wengi husema sekunde 5. Zinakuja 10. Mwache na fumbo hilo, hata kama ni kwa mwaka mzima.

Hatua ya 3: Darasa la sita na la saba

Aandike jedwali. Sentimita 50 zitampa kama sekunde 14.2, na 75 kama 17.4. Mweleze pia kwamba mwaka 1656 Mholanzi Christiaan Huygens alitumia jambo hilihili kutengeneza saa ya pendulamu.

Hatua ya 4: Sekondari

Kidato cha kwanza na cha pili achore grafu ya muda dhidi ya urefu, mstari utapinda. Kisha achukue muda wa kwenda na kurudi mara moja, auzidishe kwa wenyewe, achore tena: karibu 1, 2, 3, 4 kwa urefu wa sentimita 25, 50, 75, 100. Mstari unanyooka, na fumbo la robo linafumbuka. Hapa Tanzania masomo yanakuwa yamehamia Kiingereza, lakini aliyekwisha kulishika jambo lenyewe anabakiwa na kazi ya majina tu.

Kanuni, T = 2π√(l/g), naileta baada ya hapo, kidato cha tatu au cha nne: T ni muda wa kwenda na kurudi mara moja, l ni urefu wa uzi, na g ni mchapuko wa mvutano wa dunia. Urefu ukiwa katika mita, mteremko wa mstari ule ulionyooka ni karibu 4. Agawanye 4π², yaani takriban 39.5, kwa mteremko alioupata. Jibu ni g, karibu 9.8. Akipata 9.3 au 10.4 usimwekee mkasi. Muulize uzi aliupima hadi wapi, na alianza kuhesabu na namba gani.