Somo: Kuusoma mwendo wa mabamba kabla ya kutafuta madini

Ukilinganisha ramani ya migodi na ramani ya mabamba ya ganda la dunia (vipande vikubwa vya mwamba vinavyosogea polepole), migodi mingine imejipanga mpakani, mingine iko katikati ya bara, mbali na matetemeko. Ukitaka kuelewa yote mawili, anza hivi.

Hatua ya 1: Mabamba yanafanya nini? Yanaachana, yanagongana au yanasuguana ubavu kwa ubavu. Kusuguana kuna matetemeko mengi, madini si sana. Tupite.

Hatua ya 2: Fuata maji na joto. Hapa ndipo penye kazi. Kule Chile, bamba la Nazca linazama chini ya Amerika ya Kusini. Likifika kina cha kama kilomita 100, maji yaliyofungwa katika miamba yake hukamuliwa na kupanda. Maji hayo huufanya mwamba wa moto ulio juu yake uyeyuke katika joto dogo zaidi, magma (mwamba ulioyeyuka) ikapatikana. Wengi hudhani kinachoyeyuka ni bamba lenyewe; kwa kawaida siyo. Magma ikipoa kilomita chache chini ya ardhi, hutoa maji moto ya chumvi yaliyobeba shaba, nayo huiacha kwenye nyufa. Ndiyo asili ya migodi ya Chile ya Escondida na Chuquicamata: shaba mara nyingi haifiki asilimia 2 ya mwamba, lakini mwamba wenyewe ni mlima.

Mabamba yanapoachana, maji ya bahari ndiyo hufanya kazi hiyo. Mwaka 1979, chini ya Pasifiki, zilionekana chemchemi za nyuzi joto zaidi ya 350 za Selsiasi zikitapika salfaidi za metali (metali zilizoungana na salfa). Shaba ya Kupro ilianzia sakafuni mwa bahari namna hiyo, kisha ikainuliwa.

Hatua ya 3: Mmomonyoko umekula kiasi gani? Ukiwa kidogo, madini bado yamezikwa. Ukizidi, yameshasombwa.

Maswali ya wanachama

*Mbona Geita kuna dhahabu na hakuna mabamba yanayogongana?*
Usitazame mipaka ya leo. Miamba mingi ya pale ina umri wa kama miaka bilioni 2.7, Bonde la Ufa ni mtoto mbele yake. Wataalamu bado wanabishana kama enzi hizo mabamba yalitembea kama sasa.

*Na almasi?*
Hiyo hutaka kinyume: ganda la kale, nene, lililotulia. Huundwa kina cha kilomita 150 na zaidi.

*Nikiona volkeno hai, nichimbe shaba?*
Hapana. Kama ipo, bado iko chini sana. Subiri mvua na mito iukwangue mlima kwa miaka milioni kadhaa.