Jinsi ya kukataa visingizio kwa "hakuna cha… wala…"

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha akina mama wanaonunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, na siku ya marejesho usemi ninaoutegemea kuliko mwingine wowote ni "hakuna cha… wala…".

Msikilize mtu mpaka amalize, kisha mrudishie maneno yake mwenyewe. Wiki moja mwenzetu alifika mikono mitupu, akiviringisha ncha ya khanga ambayo kwa kawaida hufungia fedha, akaeleza kwamba simu ilikuwa imeisha chaji na wakala alikuwa amefunga kibanda. Nilimjibu kwa sauti ya chini: "Dada, hakuna cha simu wala wakala, marejesho yafike kabla ya magharibi." Zingatia kwamba sikuishia kwenye kukataa, kwa sababu usemi huu usipofuatwa na jambo linalotakiwa pamoja na saa yake, hubaki kuwa karipio tu. Fedha zilifika saa kumi na moja.

"Cha" haibadiliki, kwani inafuata "kitu" ambacho hakitajwi. Husemwa "hakuna cha mvua" na "hakuna cha wageni", kamwe si "hakuna ya mvua". Taja visingizio viwili, basi.

Usemi huu ni wa kumwambia mtu wa rika lako au aliye mdogo kwako. Kwa aliyekuzidi umri, mwamkie, kisha sema: "Mama, naomba tulimalize leo." Ukali zaidi umo katika "hakuna cha msalie Mtume", kwa kuwa "msalie Mtume" ndiyo kauli ya kumtuliza mwenye hasira, na anayeikataa anakataa hata kutulizwa. Mimi huitumia ninaposoma kanuni mbele ya wanachama wote, ambapo haimlengi mtu mmoja: atakayechelewa atalipa faini, hakuna cha msalie Mtume.

Lililo gumu ni kutenganisha kisingizio na sababu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi inapong'aa hawakusanyiki kwenye taa, hivyo wavuvi wengi hupumzika; kumwambia mchuuzi "hakuna cha mbalamwezi" ni kumdhulumu. Vivyo hivyo uvuvi uliposimamishwa ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, tulisogeza tarehe za marejesho bila mjadala.

Nami niliwahi kukosea. Nilimwambia mwanachama mmoja "hakuna cha mgonjwa wala safari", kumbe mwanawe alikuwa amelazwa. Kesho yake nilikwenda wodini na chupa ya uji, na kikao kilichofuata nikamwomba radhi mbele ya wenzetu. Tangu siku hiyo huuliza kwanza, "Nyumbani hawajambo?", nikasubiri jibu, ndipo niutamke usemi wangu.